Hashitegi ya asubuhi: hasira ya wazazi au kazi ya kulipwa?

Msomaji wetu, mwalimu wa sekondari kutoka Nakuru, anauliza:

"Wakati wa mgomo wetu niliamka asubuhi moja nikakuta X imejaa hashitegi inayosema sisi walimu tumelipwa na wanasiasa ili shule zifungwe. Mamia ya watu walikuwa wanaandika karibu jambo moja. Kufikia jioni mashemeji zangu walikuwa wanaitumiana kwenye kundi la WhatsApp la familia, na mzazi mmoja akanitumia picha ya skrini akiniuliza nimekula shilingi ngapi. Mume wangu anasema hiyo ni hasira halali ya wazazi, tuivumilie. Kijana wetu anasema kila kinachotrendi Kenya kimelipiwa. Nakutumia picha tano za skrini. Nitajuaje ni nani kati yao anasema kweli?"

Mwalimu, kwanza pole. Kuulizwa umekula shilingi ngapi na mzazi ambaye mtoto wake unamfundisha ni jambo linalokaa moyoni, na nitajaribu kukujibu kwa uzito huo.

Mume wako na kijana wako wanabishana, lakini wote wawili wanaangalia maneno tu. Mmoja ameona maneno yana uchungu, akasema ni ya wananchi. Mwingine ameona maneno yanafanana, akasema ni ya pesa. Mimi ningewaomba muyaweke maneno kando kwa muda mwangalie mwendo: ujumbe ulianzia wapi, saa ngapi, ulibebwa na nani, na ulifikaje kwenye simu ya shemeji yako. Hila ya mtandaoni ni nadra kuipata ndani ya chapisho moja. Inaonekana ukiyatazama machapisho mengi kwa pamoja, namna yalivyopangwa. Unaweza kulisoma chapisho neno kwa neno, usikute humo hata chembe ya uongo, na bado ukawa umeshachezewa akili. Na uongo mtupu unaweza kuwa umetumwa na shangazi aliyetaka tu kuwaonya jamaa zake. Kuuliza "je, hili ni kweli?" ni lazima, ila swali hilo peke yake halitakufikisha unakotaka kufika.

Tuanze na namna biashara hii inavyofanyika, maana ukishaijua utaitambua. Kwa upande wa Kenya, uchunguzi ulioieleza vizuri ni wa Odanga Madung na Brian Obilo, uliotolewa na taasisi ya Mozilla Septemba 2021. Wakati huo nchi ilikuwa imegawanyika juu ya BBI, mswada wa kubadilisha katiba ambao Mahakama Kuu iliutupa nje Mei mwaka huo, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Agosti. Watafiti hao waliziona hashitegi zikizuka moja baada ya nyingine, zikiwachafua majaji, wanahabari na wanaharakati, wakaanza kuzifuata. Walikusanya zaidi ya twiti 23,000, yaani machapisho ya Twitter ambayo leo ndiyo X, kutoka akaunti zipatazo 3,700. Kisha, na hapa ndipo penye thamani zaidi kwangu, wakawatafuta watu wanaoifanya kazi hiyo wakazungumza nao. Waliyoambiwa ni haya: unaingizwa kwenye kundi la WhatsApp, unapewa hashitegi, unapewa maneno na picha za kutumia, unaambiwa muda wa kuanza, na kazi ikiisha malipo yanaingia kwa M-Pesa. Ujira ulikuwa kati ya dola 10 na 15. Wapo pia wenye akaunti zenye alama ya bluu ya uthibitisho waliokuwa wakizikodisha kwa kazi hiyo.

Angalia hapo: walikuwa watu, wala si mashine. Vijana wenye simu, bando na shida ya kodi ya nyumba. Ushauri wa zamani wa kutafuta roboti, yaani akaunti isiyo na picha inayoandika usiku na mchana bila kulala, haumkamati kijana huyu. Yeye ana picha, ana marafiki, anashabikia Gor Mahia, anaandika Sheng safi. Kilichokodishwa ni kinywa chake kwa saa chache.

Na kwa nini watu mia chache waweze kuifanya nchi nzima iamke na mada yao? Ni kwa sababu orodha ya mada zinazovuma haihesabu tu ni wangapi wanaozungumzia jambo. Inaangalia zaidi jambo linavyochomoza ghafla. Mada ambayo Wakenya wengi huijadili kila siku, bei ya unga kwa mfano, inaweza isionekane kabisa pale juu, ilhali neno jipya lisilowahi kuandikwa na mtu, likirushwa na watu mia chache ndani ya muda mfupi, linapanda. Umeshawahi kuona wale wanaokalishwa ndani ya matatu pale steji ili ionekane inakaribia kujaa, kisha wakishuka mmoja mmoja abiria wa kweli wanapopanda. Kazi ya hashitegi ya kununuliwa ni hiyo hiyo. Haikusudii kukushawishi kwa hoja. Inakusudia uone wengine wameshapanda.

Sasa tuje kwenye picha zako tano.

Tatu kati yake ni machapisho ya X, na bahati nzuri hukuikata saa. La kwanza ni la saa mbili na dakika mbili asubuhi, la pili saa mbili na dakika tano, la tatu saa mbili na dakika kumi na moja. Mawili yana sentensi moja ileile, na yote mawili yameandika "wanasisa" mahali pa "wanasiasa". Hilo lilinishtua kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Watu wawili wasiojuana wanaweza kukasirika kwa pamoja, wanaweza hata kutumia msemo mmoja walioupata redioni, lakini kukosea herufi ileile katika neno lilelile ndani ya sentensi ileile ni dalili kwamba kuna mahali wamenakili.

Saa peke yake isingenitosha, na hapa watu wengi huteleza. Watu wa kweli nao hulipuka kwa wakati mmoja: waziri akiropoka kwenye taarifa ya habari, refa akinyima penalti, umeme ukikatika nchi nzima. Kwa hiyo ukiona machapisho mengi ya wakati mmoja, jiulize kabla ya yote: kulitokea nini saa hiyo? Kama saa mbili kasoro chama chenu kilikuwa kimetangaza kuendelea na mgomo, machapisho ya saa mbili yana maelezo ya kawaida kabisa. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba tangazo la chama lilitoka jioni ya jana yake. Mtu aliyekasirishwa na tangazo la jioni angeandika jioni, au angeandika usiku akiwa kitandani. Hasira iliyolala fofofo ikaamka saa mbili kamili, tayari ikiwa na hashitegi na mabango yaliyochorwa vizuri, inahitaji kuulizwa maswali.

Unaweza kulithibitisha hili bila mimi. Chukua sentensi moja isiyo ya kawaida kutoka kwenye chapisho, iweke ndani ya alama za kufungua na kufunga usemi, itafute kwenye X, kisha chagua yapangwe kwa muda badala ya umaarufu. Shuka hadi chini kabisa, kwenye yale ya mwanzo. Huko chini ndiko wanakoonekana waanzilishi, maana baada ya saa mbili tatu wananchi wa kweli huwa wameshaingia na huwezi tena kuwatenganisha. Nikiwa na nusu saa tu ya kufanya kazi hii, nitaimaliza yote kwenye machapisho hamsini ya kwanza.

Halafu fungua akaunti zenyewe uone zilikuwa zinasema nini wiki iliyopita. Akaunti ya pili kati ya ulizonitumia, siku chache kabla ya kuwa na uchungu na elimu, ilikuwa inatangaza mchezo wa kubahatisha, kisha ikamsifu gavana wa kaunti ya mbali, kisha ikasifu kampuni ya mikopo ya simu, kila mara ikiwa na hashitegi mpya na picha zilizopangwa vizuri. Haijawahi kutaja shule, karo wala mtoto. Mzazi aliyeudhika na mgomo huwa ana historia: alilalamika juu ya sare Januari, ana picha ya mtoto siku ya kufunga shule, anajua jina la mwalimu mkuu. Tanzania watu wa namna hii wanaosifu na kushambulia kwa maslahi wanaitwa chawa. Kenya wengi hujiita tu washawishi.

Kuna dalili ambazo watu huzitegemea na mimi sizitegemei. Jina lenye tarakimu nyingi mwishoni, kwa mfano: X humpa mtu mpya jina la namna hiyo yenyewe, na mama wa miaka sitini aliyejiunga jana atalibeba bila kujua kwamba linaweza kubadilishwa. Kutokuwa na picha ya uso pia si kosa. Wewe ni mtumishi wa serikali, mwalimu, na nina hakika hata wewe usingeandika kila unachokiwaza kwa jina lako kamili. Kuficha uso ni haki ya mnyonge kabla ya kuwa ujanja wa mwenye nguvu, na nisingependa kuona watu wanawatuhumu wenzao kwa sababu hiyo tu.

Kwenye Facebook kuna kitu ambacho watu hawakitumii ipasavyo. Ukurasa wowote una sehemu inayoonyesha ulifunguliwa lini, umebadilisha jina mara ngapi, na wanaouendesha wako nchi gani. Ukurasa ulioanza kwa jina la nafasi za kazi, ukawa wa mashabiki wa mpira, kisha ukawa "Sauti ya Wazazi" wiki ya mgomo, umeshakueleza habari zake. X nayo mwishoni mwa 2025 ilianza kuonyesha nchi ya akaunti, ingawa anayejua kuficha mahali alipo anaweza kuipotosha.

Picha yako ya nne ni ukurasa wa mbele wa gazeti wenye kichwa cha habari kinachodai walimu wamelipwa. Usihangaike kupima herufi wala rangi. Nenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa gazeti lenyewe uone toleo la tarehe hiyo. Kurasa za magazeti na kadi za vituo vya televisheni, yaani picha za habari zenye nembo ya kituo, ndizo vitu vinavyoghushiwa sana kwetu, kwa sababu zinaazima heshima ya mtu mwingine. Kabla ya uchaguzi wa Kenya wa 2017 zilisambaa video zilizotengenezwa zifanane na taarifa za BBC na CNN, zikitoa matokeo ya kura za maoni ambayo vituo hivyo havikuwahi kuyatangaza, na vyote viwili ilibidi vizikane hadharani. Mwaka huohuo video za kumtisha mpiga kura juu ya Raila Odinga zilienea bila jina la aliyezitengeneza, na ni baada ya uchaguzi ndipo shirika la Privacy International lilipoeleza kwamba nyuma yake kulikuwa na kampuni ya Texas iitwayo Harris Media. Wapiga kura walikuwa wameshapiga kura zao.

Ya tano ni ile ya watu wanagawiwa noti kando ya gari. Ulisema hii ndiyo iliyomshawishi mzazi. Kwanza ipitishe kwenye utafutaji wa picha, iwe Google, TinEye au Yandex. Jaribu zaidi ya mmoja, kwa sababu kila mmoja una hazina yake. Kama ni video, isimamishe mahali penye bango, jengo au uso unaoonekana vizuri, na utafute picha hiyo iliyosimama. Nilipoitafuta hii yako, ilikuwa mtandaoni miaka kadhaa kabla ya mgomo wenu. Hilo linamaliza kazi.

Lakini hata bila utafutaji kulikuwa na cha kuona. Namba ya gari inaanza na UB. Hiyo ni ya Uganda. Sasa, Nakuru iko kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba na magari ya Uganda hupita hapo kutwa, kwa hiyo namba peke yake isingethibitisha kwamba picha si ya Nakuru. Ingetosha kukufanya usiitume mbele kabla ya kuangalia. Namba za magari zinasaidia hata kwa tarehe: gari lenye namba inayoanza na KD haliwezi kuwa kwenye video ya uchaguzi wa 2017, kwa sababu namba hizo zilikuwa bado hazijatolewa. Vitu vya namna hii, namba, sare, vibao vya maduka, mahubiri yanayosikika kwa mbali, lugha ya makondakta, mtu wa mahali anavijua kuliko chombo chochote cha kisasa. Usidharau ujuzi wako wa mji wako.

Kijana wako huenda akasema akili mnemba imeyamaliza haya yote. Ana hoja. Sentensi iliyonakiliwa na kosa lake la herufi ni ushahidi unaoelekea kutoweka, kwa sababu sasa mashine inaweza kuandika ujumbe mmoja kwa namna elfu tofauti. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walieleza mtandao wa akaunti zaidi ya 400 kwenye X zilizokuwa zikiitetea serikali ya Rwanda kwa mamia ya maelfu ya ujumbe, zikisaidiwa na akili mnemba, katika kipindi ambacho vita vya mashariki mwa Kongo vilikuwa vinajadiliwa sana. Hata hivyo waligunduliwa. Maneno yanaweza kubadilishwa mara elfu, lakini kazi ni ileile: kusukuma mada zilezile, kwa saa zilezile, kwa faida ya mtu yuleyule. Ndiyo maana nakusihi uangalie mwendo.

Kuna upande mmoja wa hila ambao hauonekani kwenye picha ya skrini yoyote, nao ni yale ambayo hukuyaona. Desemba 2021 Twitter ilitangaza kufuta akaunti 268 za Tanzania ambazo kazi yake ilikuwa kuwashtaki watu, hasa wafuasi wa FichuaTanzania, kundi la kutetea haki za binadamu, kwa madai ya uongo ya hakimiliki. Walichukua maneno au picha za mkosoaji, wakaziweka kwenye tovuti waliyoifungua wenyewe, wakairudisha nyuma tarehe, kisha wakapeleka malalamiko kwamba mkosoaji ndiye ameiba. Akaunti yake inasimamishwa, na wewe msomaji unaona ukimya tu. Katika tangazo hilohilo zilikuwemo akaunti 418 za Uganda zilizompigia debe Rais Museveni na chama chake. Kwa hiyo unapopima mazungumzo yoyote, uliza pia: nani alikuwa akisema kinyume, na yuko wapi leo?

Kuhusu alama ya bluu na akaunti rasmi, nitasema kwa kifupi. Tarehe 20 Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa, ikachapisha madai ya uongo kwamba Rais amefariki. Akaunti ilikuwa ya kweli kabisa. Habari kubwa lazima ipatikane mahali pa pili pasipotegemea pale pa kwanza, na ukiikuta mahali pamoja tu, subiri. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwahi kuwapa kazi moja wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wakaguzi wa habari: kupima tovuti zisizojulikana. Wanahistoria na wanafunzi waling'ang'ania kuisoma tovuti yenyewe kwa makini, na wengi wakadanganyika. Wakaguzi waliitoka tovuti mapema, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini juu ya mwenye tovuti, wakapata jibu haraka. Mwalimu, ningefurahi sana kama ungeifundisha tabia hiyo darasani, kwa sababu inapingana na kile tunachowaambia wanafunzi kila siku, kwamba asome tena na tena mpaka aelewe.

WhatsApp ni ngumu zaidi, na siwezi kukuficha hilo. Hakuna mahali pa kutafuta ujumbe ulikoanzia. Kuna mishale miwili inayoonyesha ujumbe umepita mikono mingi, mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Lakini mtu akipiga picha ya skrini na kuituma hiyo, mishale inafutika na ujumbe unaanza upya kama mtoto mchanga. Ndivyo hashitegi yenu ilivyohama kutoka X kwenda kwa mashemeji: bila saa, bila akaunti, bila majibu ya waliokuwa wakiipinga chini yake. Njia iliyobaki ni ya kibinadamu. Mpigie aliyeituma, siyo ndani ya kundi mbele ya watu, umuulize kwa upole ameipata wapi. Ukifuata watu wawili watatu nyuma, mara nyingi utafika kwa mtu asiyejua, na jibu hilo lina thamani yake. Rekodi za sauti zina dalili yake: anayezungumza hana jina, anasema "leo" na "jana" bila tarehe, na anafanya kazi "hospitali moja kubwa". Rekodi za namna hiyo hurudi kila msimu zikiwa zilezile.

Sasa niwajibu jamaa zako wawili.

Mume wako ana haki kwa nusu. Uchungu wa wazazi ni wa kweli. Wamelipa karo, watoto wako nyumbani, na hawajui mtihani utakuwaje. Hila haitengenezi hasira kutoka hewani. Inatafuta hasira iliyopo, kisha inaielekeza kwa mtu. Ninavyoona, machapisho ya mwanzo wa asubuhi ile yaliandaliwa, na ya mchana mengi yalikuwa ya wazazi wenyewe waliojibu walichokikuta. Siwezi kuapa kwa picha tano, lakini ndivyo ushahidi unavyoelekea. Na hii ndiyo kawaida. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2018, uliofuatilia habari zipatazo 126,000 kwenye Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, ulionyesha kwamba habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa upya kuliko za kweli, kwa asilimia 70, na kwamba roboti zilizisambaza zote kwa kiwango sawa. Waliouongezea uongo mbio walikuwa watu wa kawaida.

Pale ninapotofautiana naye ni kwenye kuvumilia. Ugomvi wa mishahara na ahadi zisizotimizwa ukigeuzwa kuwa swali la walimu ni watu wa aina gani, usiuvumilie. Kugeuza jambo kuwa tabia ya kundi la watu ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na Nakuru mnajua kwa nini. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 hakukuwa na hashitegi. Zilikuwepo SMS zilizowataja watu kwa makabila yao, na katika vurugu za miezi ile zaidi ya watu 1,100 walikufa.

Kijana wako nina wasiwasi naye zaidi. Anadhani kuona pesa kila mahali ni werevu, ilhali mtu anayeamini kwamba kila sauti imenunuliwa hatamsikia hata anayelia kweli. Na imani hiyo humfaa sana anayenunua sauti: akishindwa kukushawishi, inamtosha usimwamini mtu yeyote. Juni 2024 vijana wa rika lake walipoupinga Mswada wa Fedha, walituhumiwa hivyohivyo, kwamba kuna aliyewafadhili. Mwambie ayafungue tena machapisho ya siku zile ayaangalie kwa macho ya mchunguzi. Wapo walioueleza mswada kwa lugha za mama zao kwenye TikTok. Wapo waliochambua kifungu kimoja baada ya kingine. Wapo waliotaniana, wapo waliotofautiana kama waandamane ama wasiandamane, na baadaye watu walichangishana mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi na waliofiwa. Harakati ya kweli hugombana yenyewe kwa yenyewe. Hashitegi ya kununuliwa haina mabishano ndani yake, haina maswali, na ikifika jioni malipo yakiingia, wote wananyamaza kwa pamoja. Mwombe aitafute hashitegi yenu leo aone ni wangapi bado wanaiandika.

La mwisho ni la kutenda. Usiijibu hashitegi kwa kuiandika. Nimeona walimu wengi wenye nia njema wakiinukuu ili waikanushe, na kila mmoja wao alikuwa anaisukuma juu. Ukitaka kuonyesha uongo, piga picha ya skrini, weka alama ya msalaba juu yake ili isije ikatumiwa kama ilivyo, na uandike bila hashitegi. Ukiwa na ushahidi kama huu wa picha ya gari lenye namba ya Uganda, wapelekee wakaguzi wa habari kama PesaCheck, Africa Check au Piga Firimbi, na kama una ndugu Tanzania kuna JamiiCheck. Wanapokea madai kutoka kwa wananchi, na baadhi huandika kwa Kiswahili, jambo ambalo mashemeji watalishukuru.

Na yule mzazi aliyekuuliza shilingi ngapi, mimi ningemjibu leo, kwake binafsi, hivi: "Mzazi mwenzangu, nimeiona picha uliyonituma. Sijapewa pesa na mtu yeyote. Picha ya gari ni ya zamani, ilikuwa mtandaoni miaka kabla ya mgomo wetu, na nimekuwekea hapa ilikotoka. Tunachodai kiko kwenye notisi ya chama, nayo hii hapa, uisome mwenyewe. Najua mtoto amekosa masomo na najua umelipa. Nipigie ukipata nafasi nikueleze tutafidiaje."